Mzee Dominiko Hapimi Tairi Lenye Homa

Fundi wa matairi wa uchochoroni kwetu Msamvu alikuwa na tabia moja iliyomkosesha wateja. Hakupima upepo wa gari lililotoka safari. Dereva akimletea gari mchana, Mzee Dominiko aliinuka taratibu kutoka kwenye rimu aliyoifanya kiti, akaweka kiganja juu ya tairi kama mtu anayemshika mtoto paji la uso, akakaa hivyo kidogo, kisha akasema, "Lina homa hili. Mimi sipimi tairi lenye homa. Lilete asubuhi, kabla halijatembea."

Madereva walimcheka. Asubuhi ipi, na wao saa kumi na moja alfajiri wameshaondoka? Mbele kidogo, karibu na barabara kubwa, alikuwepo jamaa mwenye kompresa ya umeme iliyokuja kutoka Dubai. Huyo hakuwa na masharti. Alijaza, akalipiga tairi teke, likilia vizuri akasema tayari. Foleni ilikuwa kwake. Kwa Mzee Dominiko walikuja wenye baiskeli na wenye mikokoteni.

Na hiyo asubuhi yenyewe, tukisema kweli, hata yeye hakuwa nayo. Mkewe, Bi Bernadeta, alikuwa amepooza miguu. Kila kukicha mzee alimchotea maji, akamwogesha, akampikia uji, akamtoa nje juani, ndipo akaanza kutembea kutoka Kihonda mpaka kwetu. Alifika saa tatu, suruali imelowa magotini, ameshachoka na siku haijaanza.

Nilimwona kila siku kwa sababu chumba tulichopanga kilitazamana na kibanda chake. Mwanangu Nasra alikuwa na miezi saba wakati huo, na kutwa nzima nilikuwa pale mlangoni, nikifua nepi au nikichambua mboga. Mzee hakuwa msemaji. Habari zake nilizipata vipande vipande, alipokuja kuomba kaa la moto la kubandikia kiraka.

Kwao ni Matombo. Alishuka mjini akiwa kijana, akaajiriwa na shirika moja la serikali la malori, kitengo cha matairi. Alikaa humo miaka kumi na tisa. Kazi yake ilikuwa kupita kila asubuhi, malori yakiwa bado yamelala uani, na geji ya kupimia upepo mkononi na chaki mfukoni. Hakuna lori lililotoka getini kabla Dominiko hajalipitia. Baadaye mambo yakabadilika, kila mtu anayajua. Biashara ikafunguliwa, shirika likashindwa, mwaka wa tisini na mbili malori yakauzwa na geti likafungwa kwa mnyororo. Siku ya mwisho alitoka na geji yake kwenye mfuko wa shati. Mtunza stoo aliiona ikichungulia, akageuka kufunga dirisha.

"Alijua hakuna mwingine wa kuitaka," aliniambia mzee. Alisema hivyo bila uchungu, kama anayesema mvua ilinyesha jana.

Mume wangu Abdulatifu alikuwa dereva wa pikapu ya Mama Josephina, mfanyabiashara wa matunda sokoni. Alfajiri alipanda Kinole, kule milimani, gari likiwa tupu, alasiri alishuka na ndizi, machungwa au mananasi, na watu wamekaa juu ya mzigo. Gari lililala uani kwetu, pamoja na magari mengine mawili ya njia hiyo hiyo. Kazi ile ndiyo iliyotulisha, hatukuwa na nyingine.

Mwezi wa nane, mwaka wa tisini na nne, Mama Josephina alinunua matairi manne. Yalikuwa ya mtumba, lakini kashata zake, yale meno ya juu, bado zilikuwa ndefu, na alikuwa ameyatafuta mpaka Dar. Yale yaliyotangulia yalikuwa yamekwisha kwa miezi mitatu. Mwisho wa mwezi wa tisa akaja kuyatazama haya mapya.

Aliinama, akatoa kibiriti, akachomeka njiti kwenye mfereji wa katikati ya tairi la nyuma, akaivunja pale ilipoishia. Akachukua ya pili, akaichomeka kwenye mfereji wa ukingoni, kule begani kwa tairi, akaivunja vilevile. Akaziweka mbili hizo kiganjani. Ya katikati ilikuwa ndefu. Ya begani ilikuwa kama punje ya mchele.

"Abdulatifu," alisema, "wewe unaendesha gari au unalila?"

"Ni barabara, mama. Barabara ya Kinole unaijua."

"Barabara ina kisu cha kukata pembeni tu?"

Mama Josephina alizitia zile njiti mbili kwenye kibiriti kitupu, akakifunga kwenye pindo la khanga.

"Krismasi nakuja nazo hizi hizi. Nikikuta mabega yamekwisha, usukani namkabidhi Kasiani. Usije ukaniambia habari ya mtoto mdogo. Mimi nimelea sita."

Kasiani alikuwa mtoto wa dada yake. Alikuwa na leseni na hakuwa na gari, na jioni alipenda kuja kuegemea ukuta wetu akiitazama pikapu kama mtu anayemtazama mchumba.

Kusema kweli mimi nilikuwa nimeshaona. Gari likiegeshwa, tairi la nyuma lilikuwa usawa wa macho yangu nikikaa mlangoni. Nasra alikuwa ameanza kutambaa, na mchezo wake ulikuwa kutia kidole kwenye mifereji ya tairi. Katikati kidole kilizama. Pembeni kiliteleza. Nilimwambia Abdulatifu mara moja, akasema mtoto atakula grisi, mtoe hapo.

Baada ya njiti, alikubali kwenda kwa Mzee Dominiko. Alikwenda kwa shingo upande, kofia mkononi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Upepo unapimia wapi?"

"Kiroka nautoa. Hapa kwa jamaa naongeza kidogo."

"Unautoa kwa kipimo gani?"

"Kwa sikio."

Mzee alitikisa kichwa polepole. Habari ya Kiroka niliijua, wote tuliijua. Miaka michache nyuma gari moja lilipasuka tairi likishuka mlima, likalala ubavu na watu wake. Tangu hapo madereva wa Kinole waliweka desturi. Wakishamaliza mteremko walisimama Kiroka, wakagusa matairi, wakaona yamevimba na yanaunguza, wakabonyeza pini ya vali kwa njiti ya kibiriti mpaka tairi lisonye vya kutosha. Walisema wanalipumzisha. Ambaye hakulipumzisha gari lake alionekana hana huruma na watu wake.

"Tairi likipata moto, upepo wa ndani unavimba," alisema mzee. "Haukuongezeka, ni uleule. Ukiutoa pale, kesho asubuhi likishapoa limepungukiwa. Unapanda nalo limelegea. Tairi lililolegea linakanyagia mabega, tumbo linainuka. Na lililolegea ndilo linalochemka kuliko yote. Likichemka, unalitoa tena. Umeona?"

"Mzee, mimi niliwabeba majeruhi wa lile gari. Kwa mikono hii."

"Najua."

"Basi."

Akaondoka.

Mimi nilimwelewa mzee upesi kwa sababu ya kliniki. Kule nesi humvua mtoto nguo zote kabla ya kumtundika kwenye mizani, na mama anayemnyonyesha mtoto dakika ile ile ili kadi ipande hugombezwa. Nesi anasema, usipompima namna moja kila mwezi, kadi itakudanganya. Nilimweleza Abdulatifu hivyo. Alinitazama, akasema, "Gari si mtoto, mama Nasra." Lakini kesho yake, labda ili ninyamaze, alimwambia jamaa wa kompresa ajaze mpaka basi. Tairi lililia kama ngoma. Wiki ile gari liliruka barabarani kama mbuzi, matenga mawili ya machungwa yakamwagika Mkuyuni, na Mzee Dominiko alipopita karibu alisimama tu, akapitisha kidole katikati ya tairi, akasema, "Sasa linaliwa tumbo."

"Niambieni basi ni ngapi," alisema Abdulatifu. Alikuwa amechoka, amekaa chini, amevua viatu. "Nyote mnajua. Niambieni namba."

Ilikuwa imeandikwa kwenye mlango wa gari, lakini gari lilipopigwa rangi upya walipaka juu yake. Na mzee alisema hata ingekuwepo isingetosha, maana yule aliyeiandika hakuwaza mikungu ya Kinole. Namba ya kweli ilitaka vitu viwili pamoja: mzigo uwe juu ya gari, na tairi liwe limepoa.

"Mzigo ukiwepo, tairi lina homa," alisema. "Tairi likipoa, mzigo umeshakwenda sokoni. Kule kazini malori yalikuwa yanalala na mizigo. Hapa sijui."

Ikabaki hivyo, na Abdulatifu akarudia desturi yake ya Kiroka. Siku zilipita, mabega yakiendelea kwisha. Nilianza kuhesabu majuma kuelekea Krismasi, na jioni Kasiani aliegemea ukuta.

Katikati ya mwezi wa kumi Mama Josephina alifiwa na kaka yake Ifakara. Aliondoka Ijumaa asubuhi, akafunga kibanda chake cha sokoni, na akaacha ujumbe kwamba dada yake Ester atapokea mzigo kesho. Abdulatifu aliposhuka alasiri na ndizi zimejaa mpaka juu, hakuwa na pa kuzipeleka. Zikalala uani kwetu ndani ya gari.

Nilimchukua Nasra mgongoni nikavuka kwenda kibandani.

"Mzee, mzigo unalala kwetu leo."

Alikuwa anaziba tyubu ya baiskeli, akaendelea kuisugua mpaka ikawa nyeupe.

"Gari linatoka saa ngapi?"

"Ester atakuwa sokoni saa kumi na mbili."

"Basi nije saa kumi na moja."

"Na Bi Bernadeta?"

"Nitaongea naye."

Alikuja. Bado kulikuwa na kiza, milima haijaonekana, na yeye alikuwa amesimama uani na pampu ya mguu begani, macho mekundu. Ina maana alimwogesha mkewe saa tisa. Nilimwambia pole. Akasema, "Ameniambia niende tu, yeye hana safari."

Alipima kwanza. Tairi la nyuma lilikuwa na ishirini na nne. Akachora mstari wa chaki kukatisha uso wa tairi, toka bega hadi bega, akamwambia Abdulatifu alisogeze gari mpaka kwenye lami, polepole, hatua kumi, asimame. Tukafuata na taa ya kandili. Chaki ilikuwa imefutika pembeni pote pawili. Katikati ilikuwa nyeupe kama ilivyochorwa.

"Unaona linapokanyaga," alisema mzee.

Abdulatifu aliinama akaangalia.

Tukapampu. Mguu wa mzee ulichoka, akaingia Abdulatifu. Thelathini, mstari mpya, hatua kumi: ukabaki uzi mweupe katikati. Thelathini na sita: chaki ikafutika yote sawa, ikabaki vumbi tu. Mzee hakuridhika. Akapandisha arobaini, na safari hii weupe ukabaki mabegani. Akarudi thelathini na sita. Ya mbele, ambayo mzigo hauyalemei sana, yakakubali ishirini na sita.

"Lakini alfajiri napanda tupu," alisema Abdulatifu. "Likiwa tupu thelathini na sita si litaliwa tumbo?"

"Litaliwa kidogo. Hakuna upepo wa haki kwa kwenda na kwa kurudi. Unachagua ulio karibu na haki, ukizingatia pale linapoumia zaidi. Linaumia likishuka."

"Na Kiroka?"

"Kiroka mwagia maji breki zako, kunywa na wewe, panda gari uje. Tairi lisiguswe."

Kulikuwa kunapambazuka. Mzee alifuta geji kwa shati, nikadhani anairudisha mfukoni. Akanipa mimi.

"Mimi siwezi kuja hapa alfajiri kila siku. Wewe unaamka kwa ajili ya mtoto. Kabla hajawasha gari, unapima. Ukikosa, unapampu. Pampu itakaa kwako."

"Mzee, mimi?"

"Namba unasoma?"

"Nasoma."

"Basi."

Siku ya kwanza Abdulatifu hakupenda. Alisimama mlangoni na kikombe cha chai, akitazama huku na huku, maana Salimu, dereva wa gari la pili, alikuwa anajinyoosha uani. Nilichuchumaa na Nasra mgongoni, nikafungua kifuniko cha vali, nikabana geji kama nilivyofundishwa. Salimu akaja taratibu, taulo shingoni.

"Shemeji, hilo unalipa dawa au unalinyonyesha?"

"Linanyonya."

"Na langu lina njaa. Lipe ziwa kidogo."

"Lako lipeleke kwa mama yake."

Walicheka wote, hata Abdulatifu kidogo, lakini niliona aibu imemshika. Salimu alipokuwa anawasha gari akamwambia, "Bwana mkubwa, ukifika Kiroka utampigia simu mama Nasra akupe ruhusa?" Simu yenyewe ilikuwa posta tu.

Siku ile sikukaa vizuri. Nilifua nguo zilizokwisha kufuliwa. Saa tisa gari halijafika. Saa kumi kasoro likaingia, zima, mananasi ya kwanza ya msimu juu yake. Abdulatifu alishuka akakaa kwenye ngazi ya mlango, akamchukua Nasra.

"Ulisimama Kiroka?"

"Nilisimama. Niliyashika, yanaunguza. Njiti ya kibiriti nilishaitoa, nimeishika hivi. Salimu anatoa upepo huku ananitazama. Watu juu ya mzigo wananitazama. Bibi mmoja ananiuliza, baba, letu hulipumzishi?"

"Ukafanyaje?"

"Nikaichokonolea meno."

Kesho yake yalipokuwa yamepoa nikapima. Thelathini na sita. Upepo ulikuwa haujaenda popote.

Baada ya hapo hakuna la kusimulia, ni kuamka tu. Nasra alikuwa anaota meno, halali usiku wala mchana, na adhana ya kwanza ilinikuta nimeshakaa. Nilimfunga mgongoni, nikachukua geji kutoka ndani ya kopo la chumvi lisilo na chumvi, nikatoka. Tairi la nyuma la kushoto lilikuwa na pancha ya zamani iliyoanza kuvujisha kidogo, hilo lilinitesa. Pampu ya mguu kwa mtu mwembamba ni kazi. Unakanyaga, unakanyaga, mtoto anaruka mgongoni anadhani ni mchezo, kisha unapima unakuta umepata mbili tu. Mvua za vuli zilipoanza uani pakawa tope, na nilipima nikiwa nimevaa viatu vya Abdulatifu. Siku nilizokuwa na malaria nilipima, nikarudi kitandani. Sikuwa na moyo mkubwa. Nilikuwa naogopa Krismasi.

Mzee Dominiko akifika saa tatu aliniuliza neno moja, "Ngapi?" Nikamjibu. Akaketi kwenye rimu yake. Kuna siku hakuuliza, alikaa tu na mikono magotini, na nilijua Bi Bernadeta alikuwa na usiku mbaya. Nilimpelekea uji. Alikunywa akatazama kule kwenye kompresa, foleni ikiwa imefika barabarani. Abdulatifu naye alianza kumletea mkungu mmoja wa ndizi kila Jumamosi. Aliuweka kibandani kimya kimya, kama mtu aliyeusahau.

Mama Josephina alikuja siku tano kabla ya Krismasi, alasiri, magari yote yakiwa yamesharudi. Alikuwa bado na nguo za msiba. Kasiani alikuwa nyuma yake, amenyoa, amevaa shati la kola. Madereva walioketi uani wakaacha mazungumzo yao. Jamaa wa kompresa naye alisogea kutazama.

Alifungua pindo la khanga akatoa kile kibiriti. Njiti mbili zilikuwemo. Akainama kwenye tairi lile lile la nyuma, akachomeka ile ndefu kwenye mfereji wa katikati. Ilitokeza juu, unene wa ukucha. Akachomeka ile ya punje ya mchele begani. Nayo ilitokeza, lakini kwa shida ungeona. Akaipapasa kwa kidole. Akahamia bega la pili. Akahamia tairi la pili, la tatu. Alichukua muda wake, na magoti yake yalilia kila alipoinuka.

"Haya mabega ni mabovu," alisema Kasiani. "Mama mdogo, si unaona ni mabovu."

"Yalikuwa mabovu mwezi wa tisa. Nina macho." Alibaki ameshika ile njiti fupi. "Nilitegemea nisikute bega kabisa. Hili halijakwenda. Tumbo limepungua kidogo, bega limepungua kidogo, yamekwenda pamoja." Akageuka kwa jamaa wa kompresa. "Ni wewe?"

Jamaa akaangalia chini. "Gari hili haliji kwangu siku hizi."

"Nani anapima upepo hapa?"

Mimi nilikuwa mlangoni, Nasra anasinzia begani, na geji ilikuwa kiunoni kwangu imefungwa kwenye khanga. Nilimtazama Abdulatifu. Salimu alikuwa anatabasamu tayari, anangoja. Ilikuwa rahisi sana kwa mume wangu kusema napima mwenyewe, na mimi nisingemlaumu, wala nisingemuumbua. Alikuwa ametoka mlimani tangu alfajiri, tope limekauka mpaka magotini, na aliongea kama mtu anayeshusha mzigo.

"Anapima mama Nasra. Kila alfajiri, tangu mwezi wa kumi. Alifundishwa na mzee yule pale. Mimi yangu ni kutoligusa."

Kuna aliyecheka, nadhani Kasiani. Mama Josephina hakucheka. Alinitazama, akamtazama mtoto, kisha akatazama ng'ambo, alipokaa Mzee Dominiko na baiskeli ya mtu imepinduliwa mbele yake.

"Dereva gani huyo, mama mdogo," alisema Kasiani, "gari linaamshwa na mwanamke?"

"Wewe ungeliamsha saa ngapi?"

Mama Josephina alizitupa njiti zote mbili chini, akakiweka kibiriti kitupu mkononi mwa Nasra, naye akakishika bila kuamka.

"Lilale hapa hapa," alimwambia Abdulatifu. "Usukani kaa nao. Ila lisilale kwingine kokote, unasikia? Hata ukihamia nyumba nyingine, gari linalala alipo mama Nasra." Akaondoka na Kasiani wake, polepole kwa sababu ya magoti.

Madereva wakarudi kwenye mazungumzo yao. Hakuna aliyekuja kumpa Abdulatifu mkono. Salimu alikaa muda akilitazama gari lake, akainuka, akaweka kiganja juu ya tairi, akakiondoa upesi kwa kuwa liliunguza. Aliniuliza, bila utani safari hii, alfajiri huwa naamka saa ngapi hasa. Nikamwambia. Niliona tayari kazi ya pampu ikiniongezekea, nikatamani nisingemwambia.

Jioni nilivuka kwenda kibandani. Mzee alikuwa anafunga vitu vyake ndani ya gunia. Nilimpa geji kwa mikono miwili.

"Mzee, Krismasi imepita kwetu. Asante. Nimekurudishia."

"Kesho gari halitoki?"

"Linatoka."

"Sasa unanirudishia nini?"

Nikairudisha kiunoni. Alitupia gunia begani, akasimama kidogo kuzipa nguvu nyonga zake, kisha akanyoosha mkono akaweka kiganja kwenye paji la uso la Nasra, akakaa hivyo.

"Mtoto huyu ana joto."

"Alikuwa juani kutwa, mzee."

"Basi mshike tena asubuhi," alisema, akashika njia ya Kihonda.